Gluteni iliyochafuliwa si chakula kilichochafuliwa kwa gluteni

"Gluteni ni sumu, iliua mbwa Marekani." Kauli hii imezoeleka kwenye maduka ya vyakula vya mifugo, na sasa imehamia kwa wauza unga. Nusu yake ni tukio la kweli lililosimuliwa vibaya. Nusu nyingine ni ugonjwa wa kweli uliobandikwa mahali usipohusika. Anayepotoshwa hapo ni mtu mwenye seliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na gluteni: anaambiwa unga fulani ni "safi", anadhani ameambiwa hauna gluteni.

Gluteni ni protini ya ngano, na kwa mgonjwa wa seliaki jina hilo linajumuisha pia protini za jamii hiyo zilizomo kwenye shayiri na rai. Mwenye seliaki akila, kinga ya mwili wake hushambulia utumbo mwembamba wake mwenyewe. Vile vinyweleo vinavyofyonza lishe hulala, na matokeo yake ni kuharisha, tumbo kujaa, damu kupungua, mtoto kudumaa. Asiye na seliaki anakula chapati zake tatu na siku inaendelea (wapo pia wenye mzio wa ngano, lakini huo ni ugonjwa mwingine). Sumu haichagui hivyo.

Neno lenyewe ni la Kilatini, maana yake gundi. Jacopo Beccari wa Bologna ndiye aliyechapisha mwaka 1745 jinsi ya kuitenga na unga, na njia yake inafanyika jikoni hadi leo. Chukua gramu 100 za unga wa ngano na maji kama mililita 60, kanda mpaka donge lilainike, kisha lifunike ulipumzishe nusu saa. Baada ya hapo liminyeminye ndani ya bakuli la maji, ukimwaga na kubadilisha kila maji yanapogeuka kama maziwa. Weupe ule ni wanga. Maji yakianza kubaki angavu, mkononi utakuwa na kitu cha kijivujivu kinachovutika bila kukatika, gramu 25 hadi 30 kikiwa kibichi, na karibu theluthi ya hapo kikikauka. Hiyo ndiyo gluteni. Ukiharakisha, ukaosha donge kabla halijapumzika, vipande vitatawanyika viende na maji, nawe utadhani unga wako hauna kitu.

Rudia jaribio hilo kwa unga wa udaga, yaani muhogo uliovundikwa na kukaushwa. Donge lote litamomonyoka ndani ya bakuli, na mkononi hutabaki na chochote isipokuwa nyuzinyuzi. Lakini huohuo udaga ukisongwa, ugali wake unavutika sahani nzima, na ndiyo maana wapo wanaoapa kwamba "una gluteni nyingi". Hauna hata chembe. Unaovutika pale ni wanga ulioiva, sawa na mchele unaonata. Mahindi, mtama, uwele, ulezi, mchele na muhogo havina gluteni inayomdhuru mwenye seliaki, vinate visinate.

Wenye viwanda nao wametuvurugia. Katika biashara yao, protini inayobaki baada ya kuosha wanga wa nafaka huitwa gluteni, hata nafaka yenyewe ikiwa mahindi. Ndiyo sababu mfuko wa chakula cha mbwa au cha kuku unaweza kuandikwa "gluteni ya mahindi". Ile ni protini ya mahindi, sehemu yake kubwa inaitwa zeini, na haina gliadini, ile sehemu ya gluteni ya ngano ambayo ndiyo kiini cha ugomvi kati ya ngano na seliaki. Kwa hiyo kuna gluteni isiyo gluteni, na hilo peke yake lingetosha kumtoa mtu jasho.

Sasa tuje kwa mbwa wa Marekani. Machi 2007 kampuni ya Menu Foods ya Kanada, iliyokuwa ikitengeneza chakula cha mbwa na paka kwa majina mengi ya biashara, ilianza kuondoa sokoni makopo na pakiti ambazo jumla yake ilipita milioni 60. Kilikuwa chakula kile cha vipande ndani ya mchuzi, ambamo gluteni ya ngano hutumika kushikanisha vipande na kufanya mchuzi uwe mzito. Paka na mbwa walikuwa wakitapika, wakinywa maji kupita kiasi, kisha figo zinakoma kufanya kazi. Wachunguzi walikuta melamini, kemikali ya kutengenezea sahani za plastiki ngumu, pamoja na ndugu yake, asidi ya sianuriki. Kila moja peke yake si kali sana. Zikikutana ndani ya figo huungana kuwa fuwele zinazoziba vijirija vya mkojo.

Melamini ilifikaje mle? Kipimo cha kawaida cha protini, kile cha Kjeldahl, hakihesabu protini yenyewe. Kinahesabu naitrojeni, kisha jibu linazidishwa kwa 6.25, au kwa 5.7 ikiwa ni ngano. Melamini ni theluthi mbili naitrojeni. Gramu 1 yake ikiingia kwenye kipimo kwa kizidisho cha 6.25, maabara inasoma zaidi ya gramu 4 za protini ambazo hazipo. Na gluteni huuzwa kwa asilimia ya protini. Wanaonunua dagaa wa kulishia kuku pale Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, wanaijua tabia hii kwa sura yake ya kienyeji: mchanga unaongezwa ili mzani useme zaidi. Tofauti ni kwamba mchanga utauona ukitia kiganja cha dagaa kwenye glasi ya maji na kukoroga, unazama chini. Melamini haionekani kwa macho, na maabara isipoitafuta yenyewe haitaikuta.

Kinachosahaulika zaidi ni hiki: Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilibaini baadaye kwamba ile iliyouzwa kutoka China kama gluteni ya ngano haikuwa gluteni hasa. Ulikuwa unga wa ngano wa kawaida uliotiwa melamini ili upimwe kama gluteni. Na mwaka uliofuata, 2008, ujanja huohuo ulifanywa China kwenye maziwa ya watoto, watoto wapatao 300,000 wakaugua. Maziwa hayana gluteni. Muuaji katika visa vyote viwili ni yuleyule, na si ngano.

Hiyo ndiyo gluteni iliyochafuliwa: kiungo kimetiwa kitu kigeni, na yeyote anayekila yuko hatarini, awe mbwa, paka au mtu. Chakula kilichochafuliwa kwa gluteni ni kinyume chake. Hapo gluteni ndiyo mgeni. Inaweza kuwa ya ngano bora kuliko zote sokoni, iliyopimwa na kupigwa mihuri, lakini imeingia kwenye unga wa mtama ambao mwenye seliaki aliununua kwa kuamini kuwa ni mtama mtupu. Wengine, ukiacha wenye mzio wa ngano, wataula na kushiba.

Kiwango cha kimataifa cha Codex kinaruhusu chakula kuitwa kisicho na gluteni kikiwa nayo isiyozidi miligramu 20 kwa kilo. Unga wa ngano una gluteni kati ya asilimia 8 na 10, kwa hiyo gramu 1 tu ya unga huo ina miligramu 80 hadi 100. Gramu 1 hiyo ikiangukia kwenye kilo ya unga wa mtama, tayari umevuka kiwango mara nne au tano. Na utafiti umeonyesha kwamba miligramu 50 kila siku kwa miezi mitatu zinatosha kuuharibu utumbo wa mgonjwa, hata kama tumbo halimuumi.

Peleka hesabu hiyo mashineni. Mashine ya kusaga huacha unga wa mteja aliyetangulia kwenye nyundo, nyuma ya chekeche, kwenye bomba na kwenye mfuko wa kupokelea. Tuseme zimebaki gramu 100 za ngano, kisha likaja debe la mtama, kama kilo 20. Debe zima litatoka na miligramu 400 hadi 500 kwa kilo, na la mwanzo kutoka ndilo chafu zaidi. Kufagia mdomo wa mashine hakusaidii, wala kuwahi asubuhi hakusaidii kama jana jioni palisagwa ngano. Mashine nyingi za vijijini kandokando ya Ziwa Victoria husaga mahindi, muhogo na mtama tu, na hizo zina nafuu. Za mjini zinazosaga unga wa lishe ndizo za kuuliza, kwa sababu mchanganyiko huo mara nyingi hutiwa ngano pamoja na soya, karanga na ulezi. Mwenye seliaki anunue nafaka nzima, aipembue, aioshe na kuikausha, kisha atafute mashine isiyosaga ngano kabisa, au atwange kwenye kinu chake.

Jikoni ni vilevile. Moto hauiondoi gluteni: mafuta yaliyokaangia maandazi na sambusa yana chembe za unga, na sato anayefuata anazibeba. Vitumbua vya mchele huongezwa ngano na baadhi ya wapishi ili vishikane, kwa hiyo uliza. Sufuria ya chuma ikisuguliwa kwa sabuni na maji inatakata, lakini kibao cha chapati chenye nyufa na mwiko wa mbao viwe vya peke yake.

Mifugo nayo inahusika, ila si kwa njia ile ya kwenye kauli. Pumba za ngano zina gluteni. Mwenye seliaki akichanganya chakula cha kuku ndani ya chumba, vumbi analolivuta huishia kumezwa. Achanganyie nje, kinywa na pua vikiwa vimefunikwa, na anawe mikono kabla ya kugusa chakula. Biskuti za mbwa ni hivyohivyo, na mbwa aliyetoka kuzila asimlambe mtoto mgonjwa usoni. Ngozini gluteni haifanyi kitu. Ni lazima iingie kinywani.

Mbwa mwenyewe, kwa kawaida, ngano haimsumbui. Kinachomuua mbwa huku kwetu kirahisi zaidi ni yale mahindi yenye ukungu ambayo watu wanasema "haya hayafai, tumpikie mbwa" na kuyachanganya na mapanki, yale mabaki ya sangara aliyetolewa minofu. Sumukuvu ya aflatoksini haifi kwa kupikwa, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoumizwa nayo haraka. Bata pia. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo, yaani kidogo mara 2,000 kuliko kile cha gluteni, na kinawahusu wote, kwa maana hii sasa ni sumu kweli. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Unga unaweza kukosa gluteni kabisa na ukawa na sumukuvu ya kukulaza hospitali.

Anayehisi ana seliaki asiache ngano kabla ya kupimwa, kwa sababu kipimo cha kingamwili kwenye damu, na hata kile cha kuchukua kinyama cha utumbo, hutegemea mgonjwa awe bado anaila. Akiacha kwanza, majibu yanaweza kuonyesha hana ugonjwa.

Nawe muuza unga, mteja akikuuliza kama unga wako una gluteni, usimjibu kwamba ni safi, umepembuliwa na hauna mchanga. Hakuuliza hilo. Mwambie mashine yako inasaga ngano au haisagi, na kama inasaga, mwelekeze kwa jirani.