Usikimbilie kupiga Windows

Wengi wanaofika kwenye meza yangu hapa Ngamiani, Tanga, huja na dawa kabla ya ugonjwa. Mashine inatua mezani, mwenyewe hata hajavuta kiti: "Fundi, nipigie Windows." Ukimuuliza inasumbua nini, anakujibu inasumbua tu.

Siwalaumu. Dawa hiyo, kufuta mashine na kuiwekea Windows upya, tumewazoesha sisi mafundi wenyewe. Nilipoanza kazi nilikuwa na CD mbili kwenye mkoba, na hakuna tatizo ambalo sikulitibu kwa CD hizo. Imeganda, piga Windows. Haina sauti, piga Windows. Mteja anaondoka anacheka, baada ya wiki mbili karudi na shida ile ile. Halafu siku moja nikafomati mashine ya kijana mmoja bila kuuliza, kumbe picha za mazishi ya baba yake zilikuwa humo humo, na hazikuwa kwingine. Tangu hapo swali langu la kwanza ni moja: humu ndani kuna kitu gani ambacho kikipotea huna pa kukipata?

Juzijuzi alikuja mama mmoja, mwalimu mstaafu, mweka hazina wa kikoba cha mtaani kwao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii inachukua robo saa kuwaka. Mjukuu wangu anasema ina virusi, nifutie vyote uweke Windows mpya."

"Vyote, mama? Mahesabu ya kikoba hayamo humu?"

"Yamo."

"Na pengine yapo?"

Akanitazama kama nimeuliza swali la kitoto. "Pengine wapi?"

Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha linalofunguka, Task Manager, ndilo kipimajoto cha kwanza, na halihitaji fundi, hata wewe nyumbani unaweza kulitazama. Prosesa yake, ubongo wa mashine, ilikuwa inatumika asilimia 4, yaani imekaa tu. Diski ilikuwa asilimia 100, na haikushuka hata baada ya dakika kumi. Diski ya zamani ya kuzunguka ikikaa kwenye 100 huku hakuna programu iliyofunguliwa, inawezekana Windows inajisasisha, lakini inawezekana pia diski inahangaika kusoma sehemu iliyokufa, inarudia na kurudia.

Nikafungua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma kumbukumbu ambazo diski huziweka kuhusu afya yake yenyewe. Rangi ilikuwa njano. Watu huishia kwenye rangi, mimi naangalia mistari miwili: 05 na C5. Diski inatoka kiwandani na akiba ya vyumba vya ziada vya kuwekea data. Chumba kimoja kikiharibika, diski inahamishia kazi kwenye akiba kimyakimya, na 05 inahesabu vingapi vimehamishwa. C5 ni vyumba ambavyo diski imeshindwa kuvisoma na bado haijaamua ivifanye nini. Kwa mama huyu C5 ilisomeka 40. Hapo kuna mtego: programu hiyo isipobadilishwa huonyesha tarakimu kwa mfumo wa kumi na sita, kwa hiyo 40 ile ni 64 kwa hesabu zetu. Vyumba 64 vimefungwa, na ndani ya baadhi yake huenda kuna michango ya watu.

Sasa fikiria ningempigia Windows kama alivyotaka. Ile fomati ya haraka haifuti mafaili, inafuta orodha inayosema faili fulani liko wapi. Mafaili yenyewe bado yapo, na fundi mwenye subira anaweza kuyaokota. Kinachoyaua ni Windows mpya, zaidi ya gigabaiti kumi, inayoandikwa juu yake. Tena unaiandika kwenye diski inayokata roho. Hata amri ya chkdsk /r, ile ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, ambayo watu wanaelekezana kama panadoli, kwenye diski ya namna hii inaweza kuimaliza, maana inailazimisha kusoma kila kona na kurekebisha orodha kwa kubahatisha.

Nilichofanya ni kuizima, kuitoa diski na kuiunganisha kwa kebo ya USB kwenye mashine yangu ya Linux, mfumo mwingine usio Windows, nikaiacha ddrescue, programu ya kuokoa data, ifanye kazi usiku kucha. Uzuri wa ddrescue ni adabu yake: inachota kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, inaruka zilizo ngumu, halafu ndiyo inazirudia, ikiandika pembeni imefika wapi ili hata umeme ukikatika isianze upya. Asubuhi karibu kila kitu kilikuwa kimetoka. Mahesabu yalifunguka yote. Nikamwekea SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, na mashine ile ile ya robo saa ikawa inawaka kabla hujamaliza kumsalimia mtu. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu cha kuifufua laptopu ya zamani, nunua SSD. RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, ifuate.

Ugonjwa wa pili ambao Windows mpya haiugusi ni joto. Mashine inafanya kazi vizuri dakika ishirini, kisha inakuwa nzito, kisha inazima yenyewe. Prosesa ikikaribia nyuzi 95 au 100 inajipunguza kasi ili isiungue, ikizidi inakata. Ukifungua chini unakuta kati ya feni na yale mapezi ya shaba kuna vumbi limeshikana mpaka limekuwa kama kipande cha blanketi, unaweza kulinyofoa kwa vidole. Ukipuliza kwa blowa, izuie feni isizunguke, ishike kwa kijiti, la sivyo unaizungusha kuliko ilivyoundwa na unaua beringi zake. Pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa ikishakauka inafutwa kwa spiriti na kupakwa mpya, kiasi cha punje ya choroko, basi. Kuna watu wanaipaka kama siagi kwenye mkate. Na laptopu haikai juu ya godoro, kwa sababu matundu ya kuvutia hewa yako chini.

Sisi wa pwani tuna nyongeza yetu: chumvi ya hewani. Mashine inawaka, feni inazunguka, skrini nyeusi, pengine inapiga mlio. Mara nyingi ni meno ya RAM yameshika ukungu. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, chomoa RAM, yasugue meno yake taratibu kwa raba ya penseli, futa mabaki, rudisha mpaka isikike ikibana. Nimewahi kupokea kompyuta ya mezani iliyokuwa imehukumiwa kwamba mazabodi, ile bodi kuu, imekufa, na raba ya mtoto wa shule ikaiponya.

Nyingine ilikuwa na mjusi kafiri aliyekaukia ndani ya boksi la kupokelea umeme, kaunganisha nyaya mbili na kuungua nazo. Boksi lile mwenyewe usilifungue hata kama limechomolewa. Kuna kapasita zinazobaki na volti zaidi ya 300 kwa muda, na hazijali kwamba swichi umeizima. Badilisha zima zima.

Umeme wenyewe nitaueleza kwa kifupi, maana hapa kila mtu ana kisa. Kukatika kunapoteza kazi ambayo hukuihifadhi, lakini kinachounguza zaidi ni kurudi, pale friji za mtaa mzima zinapoamka kwa pamoja. Ukikatika, chomoa, na ukirudi subiri dakika tano. Ekstensheni isiyo na jina ni waya tu, hata ikiwa na taa nyekundu. Ile yenye kinga ya kweli ina kijenzi kinachojitoa mhanga kidogo kidogo kila umeme unapopanda, kwa hiyo nayo huisha. Kompyuta ya mezani itafutie UPS, lile boksi la betri linaloishikilia umeme ukikatika, ukijua kuwa betri yake ya ndani hudumu miaka mitatu hadi mitano hivi, na ikishakufa ile UPS ni tofali. Radi ikianza, chomoa na kebo ya intaneti pia.

Na kuna tatizo dogo linalowaletea watu aibu ya bure. Mashine inarudisha saa nyuma miaka kadhaa, na kila tovuti inakataa kufunguka ikidai si salama. Wengi huambiwa ni virusi. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na mashine inayodhani tuko 2015 inaviona vyote ni vya uongo. Dawa yake ni kibetri cha duara cha volti 3, CR2032, kile kile cha mizani ya kisasa.

Virusi vipo, sikatai. Cha kawaida kabisa hapa kwetu ni kile cha flashi, na kinapatikana stesheneri. Umeenda kuchapisha barua, umerudi, ukifungua flashi unakuta folda zako zimegeuka vishale vidogo (shortcut) vya kilobaiti moja au mbili. Usiifomati. Mafaili hayajafutwa, yamefichwa tu, na kile kishale ukikibofya ndipo unapokiingiza kirusi nyumbani. Fungua lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt) na, kama flashi yako ni F, andika:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Kila kitu kitajitokeza. Nakili kilicho chako, vishale viache, halafu hapo ndiyo ufomati. Kwa ajili ya stesheneri nina flashi ya gigabaiti 4 isiyobeba kitu kingine ila kile kinachochapishwa siku hiyo.

Kinachonitia hofu kweli ni kraki. Mtu anataka programu ya kulipia bila kulipa, anaipakua, na maelekezo yanaanza: zima antivirasi kwanza. Programu inayokuomba umfungie mbwa kabla haijaingia imeshakueleza imefuata nini. Kirusi kinachoitwa STOP au Djvu kimesambaa zaidi kwa njia hii. Unaamka unakuta kila picha na kila hesabu imeongezewa herufi nne ngeni mwishoni mwa jina, na kila folda ina karatasi iitwayo _readme inayokutaka dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 unapewa nusu bei, 490. Wameletewa wenzangu wengi, nami nimeletewa, na mara nyingi jibu limekuwa lile lile: kama huna nakala pembeni, pole. Kwa barua na mahesabu ya nyumbani LibreOffice ni ya bure na ya halali. Antivirasi iliyokuja na Windows yenyewe inamtosha mtu wa kawaida, mradi isizimwe na iachwe ijisasishe.

Najua masasisho yanakula bando. Lakini mnakumbuka WannaCry, ile virusi ya tarehe 12 Mei 2017 iliyofunga mpaka kompyuta za hospitali Uingereza? Kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu ilimopitia, kilikuwa kimeshatolewa tarehe 14 Machi. Miezi miwili watu walikuwa na dawa kabatini. Na Windows 10 iliacha kupewa viraka vya kawaida vya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu nyingi za mtumba tunazouziwa hapa zina prosesa za Intel za kizazi cha nne hadi cha saba, na Windows 11 rasmi inadai, kwa upande wa Intel, kizazi cha nane kwenda juu pamoja na kile kijenzi cha usalama cha TPM 2.0. Mashine hizo bado nzima. Kwa anayevinjari, kuandika na kutazama video, huwa namwekea Linux Mint, na baada ya wiki hakumbuki kwamba alibadilishiwa.

Wenye Windows 11 nao wana mtego wao. Nyingi hujifunga kwa siri kupitia BitLocker, kufuli la Windows la data iliyo kwenye diski, pale unapoingia na akaunti ya Microsoft. Ni kinga nzuri laptopu ikiibwa. Ila siku ukibadilisha mazabodi, au wakati mwingine baada ya sasisho tu, itakudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo uko kwenye akaunti iliyotumika mwanzo, na kwa wateja wangu wengi akaunti hiyo ilifunguliwa na muuzaji dukani, nywila anaijua yeye, au hata yeye kasahau. Hapo hakuna fundi wa kukusaidia, kwa hiyo usitoe hela kwa anayesema anaweza. Ingia kwenye akaunti yako leo, uutafute, uuandike kwenye karatasi.

Mama wa kikoba alirudi kuchukua mashine yake Ijumaa. Nilimkabidhi na ile diski mbovu, maana humo mnabaki majina ya watu na madeni yao, na diski ya zamani ni haki yako kuidai hata ikiwa imekufa. Nikamwonyesha flashi mpya ya kunakilia mahesabu kila baada ya kikao, ya kukaa kwenye sanduku na si kwenye mkoba wa laptopu. Kisha nikamwambia aichomeke mwenyewe na afungue faili kutoka humo mbele yangu, kwa sababu nakala ambayo hujawahi kuifungua hujui kama ipo.

Akachomeka. Ikafunguka. Akavaa miwani, akateremka mstari kwa mstari akisoma kimoyomoyo, kidole kwenye skrini. Nikadhani anahakikisha kama kuna kilichopotea.

"Unaona huyu?" akasema. "Tangu Machi hajarejesha hata mia."