Je, Wajua Kwa Nini Walinzi wa Hifadhi za Bahari Hufunzwa kwa Samaki wa Mbao?

Ukipita ufukweni ukamkuta mtu mzima ameinamisha uso kwenye maji ya kiunoni, akikodolea macho samaki wa mbao waliofungwa kwenye kamba, usidhani anacheza. Yuko darasani. Kila samaki ana urefu wake: huyu sentimita 12, yule 30, yule 45. Mkufunzi anaujua, mwanafunzi haujui. Kazi yake ni kumtazama kila mmoja kupitia miwani ya kuzamia, kukadiria urefu, kuuandika kwa penseli kwenye kibao cha plastiki, kisha kutoka majini kulinganisha na majibu.

Mara za kwanza wengi huzidisha, na si kwa uzembe. Mwanga unapotoka majini kuingia kwenye hewa iliyo ndani ya miwani, hupinda. Samaki huonekana yuko karibu zaidi ya alipo, na mkubwa kwa takriban theluthi moja. Changu wa sentimita 30 humjia mtazamaji kama wa 40. Hata mvuvi aliyezamia tangu utotoni hudanganywa hivyo hivyo, kwa kuwa yeye hajawahi kuhitaji sentimita. Alihitaji kujua tu kama huyu anafaa kwa kitoweo au kwa mnada.

Sentimita 10 zinaonekana si kitu, lakini uzito wa samaki hauongezeki sambamba na urefu. Akirefuka, hunenepa na kupanuka pia. Ukizidisha urefu kwa theluthi, hesabu ya uzito inaruka zaidi ya mara mbili. Kwa kosa hilo la jicho, mwamba uliochoka huandikwa kwenye ripoti kuwa umeshiba samaki, na kijiji kikaambiwa mambo ni mazuri wakati dema zinarudi tupu. Ndiyo maana zoezi la samaki wa mbao hurudiwa mpaka jicho linyooke.

Baada ya hapo ndipo mwanafunzi hupelekwa mwambani. Hutandazwa futi ya kupimia, mara nyingi ya mita 50, juu ya matumbawe. Anaogelea polepole kuifuata, akihesabu pono, kangaja, chewa na changu walio ndani ya upana uliopangwa, bila kumhesabu mmoja mara mbili na bila kumwongeza aliyekatiza nyuma yake. Mwenzake huhesabu pia, na jioni vibao viwili huwekwa pamoja. Hesabu zikitofautiana sana, kesho wanarudi. Mwaka unaofuata wanatakiwa warudi mwamba ule ule, majira yale yale, la sivyo watakuwa wanalinganisha kaskazi na kusi wakidhani wanalinganisha jana na leo.

Hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya mafunzo. Ngumu ni kupanga.

Hifadhi ya baharini haina seng'enge. Ya Kisiwa cha Mafia, Tanzania, iliyotangazwa mwaka 1995 baada ya sheria ya hifadhi za bahari ya 1994, ina kilomita za mraba 822, na watu wanaishi humo humo, wanavua humo humo. Imegawanywa kanda: kiini ambako hakuvuliwi kabisa, eneo la matumizi maalumu lenye masharti ya zana na ya nani avue, na eneo la matumizi ya jumla. Kuchora kanda hizo kwenye ramani ni kazi ya siku chache kwa anayejua kompyuta. Kujua mstari upite wapi ni jambo jingine. Lazima ujue chewa hukusanyika wapi kutaga, ngalawa hujificha wapi kusi likichafuka, akina mama huchokoa pweza mwamba gani. Mambo hayo hayamo kwenye picha za setilaiti. Yamo vichwani mwa watu, na mpangaji hufunzwa namna ya kuwauliza.

Tena wakati wa kuuliza una elimu yake. Itisha mkutano siku ya bamvua saa 4 asubuhi, uone nani atakuja. Maji yamekupwa, miamba iko wazi, wanawake wote wako pwezani. Utapata wanaume, utaandika “jamii imeshirikishwa”, na utakuwa umefunga mwamba wa watu ambao hawakusikilizwa. Anayesoma kalenda ya maji huweka mkutano siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana. Mimi naona somo hili lingetangulia hata lile la ramani.

Kwa kuwa stadi hizi haziishi kwenye vyeti vya darasani tu, mwaka 2008 Chama cha Sayansi ya Bahari cha Magharibi mwa Bahari ya Hindi, WIOMSA, chenye makao yake Zanzibar, pamoja na washirika wake kilianzisha mpango wa ithibati uitwao WIO-COMPAS. Hauulizi zaidi umesoma wapi. Unauliza umefanya nini. Mtahiniwa huleta ushahidi wa kazi yake, hufanyiwa mtihani, na hufungwa na maadili ya kazi. Kuna ngazi tatu: kazi za uwandani, usimamizi wa eneo zima, na sera na mikakati. Hivyo mlinzi wa doria hupata heshima ya taaluma kwa kazi anayoifanya botini, bila kulazimika kwanza kuwa bwana wa ofisini.

Stadi ninayoistahi kuliko zote inaonekana Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa mji wa Zanzibar ambacho mwamba wake wa magharibi ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Walinzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Walifundishwa kufuatilia hali ya matumbawe, kuwaongoza wageni na wanafunzi wa shule za Unguja chini ya maji, na kuweka kumbukumbu za vyombo vinavyoingia. Hawabebi silaha. Mvuvi akiingia ndani ya mpaka humwendea, humsalimu, na kumweleza kwamba samaki wanaokulia mwambani hapo hawajui mpaka. Huvuka nje na kumfuata kwenye mshipi wake. Mlinzi anayesema naye anafahamu upepo na anafahamu njaa ya kurudi mikono mitupu. Na mtumbwi ukizidiwa na bahari karibu na kisiwa, walinzi hao hao ndio huwasha boti kwenda kuuvuta.