Je, wajua kwa nini jei wa Kanada hutaga mayai wakati wa theluji?

Mwezi Machi misitu ya Kanada bado ni nyeupe kwa theluji. Wadudu hawaonekani, matunda hakuna, na usiku baridi inaweza kuvuka nyuzi 20 chini ya sifuri. Ndege wengi bado wako kusini walikohamia. Lakini jei wa Kanada, ndege wa kijivu wa jamii moja na kunguru, mwenye uzito wa gramu 70 hivi, tayari anaatamia.

Anaweza kwa sababu chakula cha msimu huo alikwishakiweka. Jei hachagui: anakula wadudu, buibui, uyoga, matunda pori, mayai na makinda ya ndege wengine, hata nyama ya mzoga. Majira ya joto yanapompa kingi, hakili chote. Anakizungusha mdomoni hadi kiwe kidonge kilicholoa mate, kisha anakisokomeza nyuma ya gome la mti. Mate yake ni mazito na yananata, hivyo kidonge hushikilia pale juu ambako theluji haikifukii. Kwa siku moja anaweza kuficha vidonge mia kadhaa, hata 1,000, akivitawanya huku na huko, na miezi mingi baadaye bado anakumbuka vilipo. Kwangu mimi hilo ndilo la ajabu kuliko yote.

Kiota chenyewe hukaa kwenye miti ya jamii ya msonobari, mara nyingi upande unaopigwa na jua. Nje ni vijiti vikavu vilivyoshikanishwa kwa vifukofuko vya viwavi, ndani ni manyoya ya kutosha kuzuia baridi. Jike hutaga mayai 2 hadi 5, kwa kawaida 3, na huyaatamia peke yake kwa siku 18 au 19, dume akimletea chakula. Kuwahi huko kunawafaa watoto: wanapata majira yote ya joto ya kukua na kujifunza kuweka akiba yao. Ifikapo Juni hugombana, mwenye nguvu akabaki na wazazi na kuwafukuza nduguze. Wengi wa waliofukuzwa hawaioni baridi inayofuata.

Maadui hawakosekani. Kindi mwekundu huiba mayai na makinda, nao mwewe na bundi huwinda hata wakubwa. Ndiyo maana wazazi hawapendi pilikapilika kiotani. Hata yule kijana aliyebaki nao hawamruhusu kuwalisha makinda wangali kiotani. Wakishatoka, anaruhusiwa kusaidia. Watafiti wanaona kwamba safari zikipungua, adui naye hupata nafasi ndogo ya kugundua kiota kilipo.

Siku hizi tishio jingine ni joto. Akiba ya jei hukaa vizuri ikigandishwa na baridi. Vuli ikiwa ya joto, au barafu ikiyeyuka na kuganda tena na tena, chakula huoza kabla ya Machi na makinda yanayolelewa huwa machache. Katika Hifadhi ya Algonquin, jimbo la Ontario, ambako ndege hawa wamefuatiliwa tangu miaka ya 1960, idadi yao imeshuka kwa zaidi ya nusu. Waliosalia wengi wako kwenye maeneo yenye misonobari na jamaa zake kwa wingi, kwa kuwa chakula kilichofichwa kwenye magome ya miti hiyo yenye utomvu huchelewa kuharibika.