Maoni ya wahitimu: jinsi shahada ya teknolojia ya viwanda inavyopimwa na waliokwisha kuisoma

Maoni ya wahitimu, tukizungumzia tathmini ya programu za chuo, ni taarifa zinazokusanywa kwa utaratibu kutoka kwa watu waliomaliza masomo, ili kujua kama walichofundishwa kinawafaa katika kazi wanayoifanya sasa. Mhitimu akirudi chuoni siku ya mahafali akawasifu walimu wake, hayo ni maoni pia, lakini tathmini bado haijafanyika. Inafanyika pale chuo kinapowauliza wahitimu wa miaka kadhaa maswali yaleyale, kikayaweka majibu yao pamoja, kisha kikayatumia kuamua nini kibaki kwenye mtaala, nini kiongezwe na nini kiondoke. Vyuo vyetu vya Afrika Mashariki huiita kazi hii utafiti wa ufuatiliaji wa wahitimu, na wengi huikumbuka mtaala unapokaribia kuhuishwa.

Shahada ya teknolojia ya viwanda inalihitaji jambo hili kuliko shahada nyingi nyingine. Kwa jinsi inavyofundishwa Marekani, ambako ndiko ilikokomaa, humwandaa mtu wa kusimamia uzalishaji: kupanga kazi kiwandani, kudhibiti ubora, kulinda usalama wa wafanyakazi, kuratibu matengenezo na kuendesha mitambo inayojiongoza. Mtu huyo anafanya kazi kati ya mhandisi anayesanifu mtambo na fundi anayeushika kwa mikono. Programu hizi zilikua kutoka idara zilizokuwa zikiandaa walimu wa masomo ya ufundi mashuleni. Viwanda vikawa vinawachukua wahitimu, na masomo yakafuata kule wahitimu walikokwenda. Mwaka 1967 kikaundwa chama cha kitaifa cha teknolojia ya viwanda cha huko Marekani, NAIT, ambacho leo kinaitwa ATMAE na ndicho kinachotoa ithibati, yaani uthibitisho kwamba programu inakidhi viwango, kwa programu za aina hii.

Vigezo vya ithibati vya chama hicho vimekuwa vikidai zaidi ya kuuliza kama mhitimu ameridhika. Kuridhika kwake kumo, lakini pamoja nako programu ifuatilie kazi alizopata, cheo na mshahara wake, ifuatilie kama amepanda ngazi kazini, na imuulize mwajiri anauonaje utendaji wake. Hayo yote yafanyike kila baada ya miaka miwili hadi mitano. Kwa maoni yangu kupanda ngazi ndiko kunakosema mengi. Kazi ya kwanza mtu anaweza kuipata kwa kujuana au kwa bahati. Akiwa msimamizi wa zamu baada ya miaka minne, hapo kuna kitu anachokijua.

ABET, chombo kingine cha ithibati cha Marekani kinachoshughulikia uhandisi na teknolojia, kinatenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa mno. La kwanza ni yale mwanafunzi anayoweza kuyafanya siku anapomaliza. La pili ni yale anayotarajiwa kuyafikia miaka michache baada ya kuhitimu. La kwanza mwalimu anaweza kulipima darasani na kwenye karakana. Kwa la pili hana mtihani wa kutunga, kwa hiyo mhitimu lazima atafutwe na kuulizwa.

Aulizwe lini? Uingereza waliwahi kuwauliza wahitimu wao miezi 6 baada ya kumaliza. Kuanzia kundi la mwaka wa masomo wa 2017/18, utafiti mpya wa kitaifa ukasogeza muda huo hadi miezi 15, maana miezi 6 ilimkuta mtu akiwa bado anahangaika au ameshika kibarua cha kujikimu. Italia, mtandao wa vyuo vikuu wa AlmaLaurea huwarudia wahitimu mwaka 1, miaka 3 na miaka 5 baada ya kuhitimu. Kwa teknolojia ya viwanda ningechagua njia ya Waitaliano. Mhitimu wa mwaka mmoja atakuambia kama alijua kutumia mashine alizokutana nazo. Wa miaka mitano atakuambia kama alijua kusimamia watu, kukadiria gharama na kuandika ripoti ambayo meneja anaweza kuifanyia uamuzi.

Sehemu yenye utajiri zaidi ni maswali yenyewe, na hapo ndipo madodoso mengi yanapokwama. Dodoso la kawaida huuliza: "Je, programu ilikuandaa vizuri kwa soko la ajira?" Karibu kila mtu anajibu ndiyo, kwa sababu chuo ni chake na cheti ni chake, na jibu hilo halimsaidii mkuu wa idara kubadilisha hata kipindi kimoja. Njia bora ni kuorodhesha stadi moja moja, na kwa kila stadi kuuliza maswali mawili: ina umuhimu gani katika kazi yako ya sasa, na chuo kilikuandaa kwa kiasi gani? Yote mawili yanajibiwa kwa alama ya 1 hadi 5. Tofauti kati ya alama hizo mbili ndiyo pengo.

Tuseme wahitimu wanaipa kazi ya kuprogramu PLC, yaani kompyuta ndogo zinazoendesha mitambo ya kiwanda, umuhimu wa wastani wa 4.6, na maandalizi yake 3.0. Pengo ni 1.6. Mifumo ya nyumatiki, yaani inayoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, inapata umuhimu wa 2.9 na maandalizi 1.3, nayo pengo lake ni 1.6. Idara yenye pesa ya kununua vifaa vya somo moja tu ianzie wapi? Mwaka 1980 Gary Borich, mtafiti wa elimu wa Marekani, alipendekeza pengo lizidishwe kwa wastani wa umuhimu. PLC inapata 7.36, nyumatiki 4.64. Mapengo yalikuwa sawa, lakini la PLC linawaumiza wahitimu zaidi kazini. Na pengo linaweza kugeuka: uchoraji wa ramani za mitambo kwa mkono ukipata umuhimu wa 1.8 na maandalizi 4.3, basi kuna saa za ratiba zinazoweza kuhamishiwa kwingine. Habari hii ya mwisho ni ngumu kwa mwalimu aliyefundisha somo hilo miaka yote, na inapaswa kufikishwa kwake kwa heshima kabla haijasomwa mbele ya kikao.

Kisha kuna wasiojibu. Chuo kina wahitimu 120, wamejibu 36, na kati yao 27 wana kazi ya fani yao. Ripoti itaandika kwamba asilimia 75 wameajiriwa katika fani, na tangazo la udahili litainukuu. Lakini watu 84 wamekaa kimya. Ikiwa hakuna hata mmoja wao aliyepata kazi ya fani, kiwango halisi ni asilimia 22.5. Ikiwa wote wamepata, ni asilimia 92.5. Ukweli uko mahali fulani katikati, na dodoso peke yake haliwezi kukuonyesha ni wapi. Mwenye kazi nzuri hujibu haraka. Anayeuza katika duka la simu akiwa na shahada ya teknolojia huiona barua pepe ya chuo na kuipita. Kwa hiyo ni afadhali kuchagua wachache kati ya walionyamaza na kuwapigia simu mmoja mmoja mpaka wapatikane, kuliko kutuma dodoso kwa maelfu mengine.

Huyo wa duka la simu ndiye ningemtafuta kwanza. Aliyebaki kwenye fani anajua kilichomsaidia, lakini aliyeiacha anajua mahali mlango ulipofungwa: kama alishindwa kwenye usaili wa vitendo, kama mwajiri hakuielewa shahada yake, au kama alipewa kazi ya fundi mchundo kwa mshahara wa fundi mchundo. Suala la mwajiri kutoielewa shahada si dogo. Kenya ilitunga Sheria ya Teknolojia ya Uhandisi mwaka 2016 ili wanateknolojia na mafundi sanifu wawe na bodi yao ya usajili, mbali na ile ya wahandisi. Mhitimu akisema hana kazi kwa sababu cheo chake hakimo kwenye muundo wa ajira wa kampuni, hakuna saa za karakana zitakazolitatua hilo. Linatatuliwa kwa chuo kuzungumza na waajiri na bodi.

Vivyo hivyo na uchumi. Viwanda vingi vya nguo vya Tanzania vilifungwa au vilipunguza uzalishaji miaka ya 1990. Mtu aliyehitimu ufundi wa nguo wakati huo akakosa ajira hakukosa kwa sababu alifundishwa vibaya. Ndiyo maana majibu ya wahitimu husomwa pamoja na majibu ya waajiri na hali ya viwanda vya eneo husika. Yakisomwa peke yake, programu nzuri inaweza kufutwa na mbovu ikasifiwa kwa sababu tu kiwanda kipya kimefunguliwa jirani.

Kuna na jambo ambalo mhitimu hawezi kulisema hata akijibu kwa moyo wote. Yeye anaijua mashine iliyoko kiwandani kwake leo. Mtaala unaoandikwa sasa utamhudumia mwanafunzi atakayeingia kazini miaka minne au mitano ijayo. Kwa mwelekeo wa teknolojia, muulize anayenunua mitambo na anayeiuza.

Kazi yote hii inasimama juu ya kitu rahisi ambacho vyuo vingi havina: namba za simu zinazopatikana. Barua pepe ya chuo huwa inafungwa baada ya mwanafunzi kuondoka, na namba ya simu hubadilika. Basi mawasiliano yachukuliwe wakati wa kukabidhi vyeti, pamoja na namba ya ndugu mmoja, na ridhaa ya maandishi inayoeleza taarifa zitatumika kwa nini. Kulinda taarifa hizo ni takwa la kisheria sasa: Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania ilitunga ya kwake mwaka 2022. Majibu yakishachambuliwa, yaingie kwenye kikao cha mtaala yakiwa na safu ya mwisho inayosema nini kitabadilika, nani atakibadilisha na kuanzia muhula upi. Nakala ya ukurasa huo warudishiwe wahitimu waliojibu, kwa sababu baada ya miaka mitatu chuo kitawapigia simu tena.