Ukiungua kimbilia maji, dawa ya mswaki iache bafuni

Juzi pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, jirani yangu anayekaanga sangara aliponyokwa na kipande kikatumbukia kwenye karai, mafuta yakamrukia nyuma ya kiganja cha kushoto mpaka kwenye vidole, na kabla hajamaliza kusema "mama wee" watu watatu walishafika, mmoja na dawa ya mswaki, mwingine na unga wa sembe, wa tatu anaulizia nani ana yai bichi. Ndoo ya maji ilikuwa hapohapo miguuni kwake, imejaa, hakuna aliyeigusa. Iliniuma sana, maana wote wale walikuwa wanampenda.

Kinachonisumbua kuliko vyote ni hii imani kwamba maji yanaleta malengelenge. Yani mtu kaungua anakatazwa maji eti jeraha litajaa. Hapana jamani. Malengelenge yanaletwa na joto lililoingia kwenye ngozi, na ukiwahi kulipoza unapunguza ukubwa wa jeraha lenyewe. Si unajua karai ukiliepua jikoni samaki bado anaendelea kuiva? Na ngozi ni hivyohivyo, moto umetoka ila joto bado linashuka chini. Kwahiyo maji ya kawaida ya bomba, yanatiririka, dakika 20, tazama saa kabisa sio kukisia, na hata ukichelewa bado yanasaidia ndani ya masaa 3. Maji yakikatika, na huku kwetu milimani yanakatika, ndoo ya lita 20 inatosha: jagi la lita moja kila dakika, unamimina taratibu, beseni linakinga chini.

Ila sio maji ya ziwani. Najua ziwa lipo hatua tano tu, lakini pale ufukweni kuna uchafu na kuna kichocho, vijidudu vyake vinapenya hata ngozi nzima sembuse iliyoungua. Na barafu pia acha, inabana mishipa ya damu na kuiumiza zaidi ngozi ambayo tayari imeumia.

Wakati maji yanamwagika vua pete, bangili, saa, kila kinachobana. Huyu jirani hakuna aliyemkumbusha, jioni kidole kimevimba kimeimeza pete ya ndoa, nyama imepanda pande zote mbili, ikabidi pete ikatwe. Alilia kwa ajili ya pete kuliko mkono.

Sasa dawa ya mswaki. Ule ubaridi unaousikia ni mnanaa tu, joto la ndani liko palepale na umelifunika juu. Yai bichi linaweza kuwa na bakteria, unga unaganda, mafuta ya kula yanashika joto. Wazee wetu wana manyoya ya sungura, naheshimu kwamba ndicho walichokuwa nacho, ila yale manyoya yananasa kwenye kidonda na nesi hawezi kuona kitu mpaka ayatoe, na kuyatoa ndo maumivu yanaanza upya. GV, ile dawa ya maji ya kupaka vidonda, nayo inapaka kila kitu zambarau, daktari anashindwa kusoma rangi ya ngozi. Alafu kuna wale wanaofungua vidonge vya antibiotiki vya rangi mbili wanamwaga unga wake juu, hiyo inafanya gamba, usaha unakaa chini yake, na dawa inazoeleka bure kwa bakteria.

Kingine, watu wanapima kwa maumivu: haliumi basi dogo. Mara nyingine ni kinyume kabisa. Jeraha la juujuu linawasha na kuuma na kwa kawaida linapona ndani ya wiki hivi, lenye malengelenge linauma vibaya na linaweza kuchukua wiki mbili tatu, ila lililoingia chini sana linaweza lisiume maana hata mishipa ya fahamu imeungua. Na vitabu vinasema ngozi inakuwa nyekundu, kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu wenyewe hauonekani vizuri, angalia kama pamekuwa peusi zaidi, panang'aa, pana joto, pamevimba. Ukiona peupe au pakavu kama ngozi ya ngoma, hiyo sio ya nyumbani.

Malengelenge usiyatumbue, ile ngozi ya juu ndo bandeji bora kuliko ya dukani. Funika na kitambaa safi kisichotoa nyuzi au ile nailoni nyembamba ya kufunikia chakula, ilaze tu usiizungushe kwa kukaza, na umeze Panadol.

Nenda kituo cha afya kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua pamoja na vidole vyake, kama ni usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye maungio kama goti, kama ni umeme au kemikali, na kama ni mtoto mdogo usisubiri hata kama ni uji kidogo tu. Kiganja cha jirani yangu kilikuwa cha kwenda siku ileile, alienda ya tatu. Uliza na chanjo ya pepopunda.

Na wapanda bodaboda, shukeni upande wa kushoto, ekzosi kwa kawaida iko kulia. Ile alama ya duara kwenye vigimbi vya watu wengi hapa mjini ilipatikana kwa sekunde moja tu ya kushuka vibaya.