Dirisha la faragha la Chrome halizuii vifuatiliaji

Wengi huamini kwamba ukifungua dirisha la faragha la Chrome, lile lenye alama ya kofia na miwani, vifuatiliaji vya matangazo (vile vinavyorekodi unachotazama mtandaoni) hukatika na kurasa hufunguka haraka. Sivyo. Kazi yake hasa ni kufuta historia na vidakuzi (faili ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kifaa chako) vya kikao hicho ukishalifunga. Ni kweli huzuia vidakuzi vya tovuti za pembeni, yaani zisizo ile uliyoifungua, lakini skripti zao (programu ndogo za ndani ya ukurasa) bado hupakuliwa na kuendeshwa, na hizo ndizo zinazokula bando na kuelemea simu. Tena dirisha hilo halitumii faili zilizohifadhiwa awali: picha na fonti hupakuliwa upya, kwa hiyo ukurasa unaweza hata kuchelewa zaidi.

Kivinjari cha Firefox kiko tofauti. Tangu 2015 dirisha lake la faragha huzuia skripti za vifuatiliaji vinavyojulikana. Kwa madirisha ya kawaida, nenda Mipangilio, ingia Enhanced Tracking Protection (ulinzi dhidi ya ufuatiliaji), chagua Strict. Kisha ongeza kiendelezi (programu ya nyongeza ya kivinjari) cha kuzuia matangazo na vifuatiliaji kiitwacho uBlock Origin, kinachofanya kazi hata kwenye Firefox ya Android (Chrome ya Android haipokei viendelezi). Usiweke vizuizi viwili vya aina moja. Ukurasa ukiharibika hutajua kipi kimeuharibu.

Na utaharibika tu, mara mojamoja: video iliyopachikwa haionekani, au kitufe cha kuingia hakijibu. Gusa ngao kwenye upau wa anwani, zima ulinzi kwa tovuti hiyo pekee, pakia upya. Ikigoma, zima uBlock Origin kwa tovuti hiyohiyo.