Staringi wa kike kwenye gemu: ya vibandani na ukweli wake

Pita jioni kwenye vibanda vya gemu vya Kirumba, Mabatini au Igoma, jijini Mwanza. Mtu akichagua mhusika wa kike, anaambiwa ameshafungwa kabla hajagusa padi.

"Mwanamke anapiga taratibu." Gemu haijui jinsia, inajua namba. Katika Tekken, gemu ya kupigana, picha zinakwenda 60 kwa sekunde, na kila moja huitwa fremu. Ngumi nyepesi ya Nina, mwanamke, inafika kwenye fremu ya 10. Ya Kazuya, mwanamume, vilevile. Tofauti kubwa iko kwenye mwili: Jack, na Kuma ambaye ni dubu, ni wapana, kwa hiyo kuna kombo (mapigo ya mfululizo) zinazowanasa wao na kumkosa mwembamba, awe wa kike au wa kiume.

Wanaomlalamikia Nina kwamba anawawahi kwa kawaida wamekosea hesabu. Pigo lako likizuiwa likakuacha nyuma kwa fremu 8, kisha ukabonyeza ngumi ya fremu 10, unahitaji 18. Yeye anahitaji 10 tu. Zuia kwanza, ngoja zamu yako. Tekken 8 ina onyesho la fremu kwenye mazoezi. Liwashe usome, ubishi utaisha.

"Timu za wanawake ni za kupoteza muda." Dhana hii ina chanzo. FIFA 16, gemu ya mpira ya mwaka 2015, ilileta timu 12 za taifa za wanawake, lakini zilicheza zenyewe kwa zenyewe. EA Sports FC 24, mrithi wa FIFA, ndiyo iliyowachanganya na wanaume katika kikosi kimoja, ndani ya Ultimate Team, sehemu ya kujiundia kikosi chako, na Alexia Putellas wa Hispania akapewa alama 91 za uwezo, sawa na Mbappé na Haaland. Tatizo ni kwamba Ultimate Team inataka intaneti. Kibanda kinachookoa bando hakifiki huko, na wateja wake hawajawahi kuiona. Angalizo moja: 91 ya Putellas si ya kugombea krosi za juu kama ya Haaland mwenye sentimita 195. Mpe mpira wa chini, miguuni.

"Staringi wa kike hauzi." Horizon Zero Dawn, staringi wake Aloy, ilivuka nakala milioni 20 kufikia mwishoni mwa 2021. Tuendelee.

"Kumtengeneza ni gharama mara mbili." Ubisoft, watengenezaji wa gemu, walijitetea karibu hivyo mwaka 2014 walipoulizwa kwa nini Assassin's Creed Unity haina mhusika wa kike wa kuchezwa. Jonathan Cooper, mtaalamu wa mijongeo (namna wahusika wanavyotembea na kupigana) aliyewahi kufanya kazi kwenye mfululizo huo, akasema ni kazi ya siku moja au mbili. Mijongeo mingi huazimwa. Sauti ndiyo haiazimwi: Shepard wa Mass Effect, ambaye mchezaji huchagua awe wa kiume au wa kike, alirekodiwa na Mark Meer na Jennifer Hale, kila mmoja kwa maneno yote ya mhusika huyo. Hapo gharama ni ya kweli.

"Basi jinsia haina maana yoyote." Hapana, kwenye hadithi ina uzito. Katika gemu ya Metroid ya 1986, staringi Samus amefunikwa vazi la kivita mwili mzima. Ukimaliza haraka vya kutosha, analivua na unakuta ni mwanamke. Kijitabu cha maelekezo cha Kiingereza kilimtaja kwa kiwakilishi cha kiume, "he", siri ikabaki siri. Cha Kiswahili kisingehitaji kudanganya: "ameruka", "amepiga", basi.